Hotuba Dodoma, moto Mtwara: uchambuzi wa kisa cha bomba la gesi la 2013

Tarehe 22 Mei 2013 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alisimama bungeni Dodoma kusoma makadirio ya wizara yake. Mtwara, takribani kilomita 1,000 kwa barabara kutoka ukumbi ule, maduka yalikuwa yamefungwa na watu wamejikusanya penye televisheni. Vipeperushi vilikuwa vimeshapita mitaani kuwataka wasikilize. Wengi wao walitaka gesi ya Mtwara ibaki Mtwara. Waziri alipothibitisha kwamba ujenzi wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam unaendelea, barabara zikazibwa kwa mawe na magogo, ofisi na nyumba zikachomwa, daraja la Mikindani likaharibiwa, na jeshi likaingizwa mjini. Watu walipoteza maisha. Gari la wanajeshi waliotoka Nachingwea kwenda kutuliza ghasia lilipata ajali njiani, na baadhi yao hawakufika. Huku Dodoma kikao cha Bunge kikaahirishwa.

Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema watu wa kusini walipotoshwa na wanasiasa, na wapo wanaosema serikali ilipora gesi kwa mtutu wa bunduki. Masimulizi yote mawili yanakwepa karatasi. Ukizipanga nyaraka za mradi ule kwa tarehe zake, tatizo linajionyesha lenyewe: mkataba na mkopo vilitangulia, maelezo yakafuata, sera ikaja baada ya maelezo, na sheria ikaja mwisho kabisa. Wananchi waliitwa kujadili jambo lililokwisha kulipiwa.

Gesi ipi hasa?

Mjadala ule ulichanganya gesi tatu, na mchanganyiko huo peke yake ulitosha kuzua ugomvi.

Ya kwanza ni ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iliyogunduliwa na AGIP mwaka 1974. Ilianza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba la inchi 12 chini ya bahari kwa kilomita 25, kisha inchi 16 nchi kavu kwa kilomita 207. Ya pili ni ya Mnazi Bay, Msimbati, iliyogunduliwa na AGIP hao hao mwaka 1982 ikakaa chini zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa 2006 ndipo kampuni ya Artumas ilipoanza kuipeleka kwenye mtambo mdogo wa umeme Mtwara mjini: injini tisa za megawati 2 kila moja, jumla megawati 18. Ya tatu ni ya bahari kuu, iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010 na Ophir wakiwa na BG, kisha Statoil wakiwa na ExxonMobil. Hiyo iko takribani kilomita 100 kutoka ufukweni, na kwenye Kitalu Namba 2 maji yana kina cha hadi mita 2,500 hivi.

Takwimu ya taifa inayonukuliwa siku zote ni futi za ujazo trilioni 57.54. Kati ya hizo, trilioni 47.13 ziko bahari kuu. Bomba la Mtwara lilijengwa kwa ajili ya gesi ya nchi kavu na ya karibu na ufukwe. Gesi ya bahari kuu inahitaji mitambo yake chini ya maji, mabomba yake hadi nchi kavu, na kwa wingi wake inahitaji kiwanda cha kuigeuza kimiminika ili iuzwe nje, mradi wa makumi ya mabilioni ya dola. Viongozi walipopanda jukwaani Mtwara wakitaja matrilioni, msikilizaji aliona matrilioni hayo yote yakipita kwenye lile bomba moja. Nani angemlaumu? Hakuna aliyemchorea tofauti.

Hesabu ya wahandisi ilikuwa sahihi

Tuwatendee haki wahandisi. Bomba lile ni la inchi 36, lenye uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kwa kanuni ya kawaida, futi milioni moja kwa siku hutoa megawati 4 hadi 6 kutegemea aina ya mtambo, kwa hiyo injini zote za Mtwara zikiwaka kwa pamoja zinakula futi milioni 3 hadi 5 hivi. Hiyo haifiki hata sehemu moja katika mia ya uwezo wa bomba. Mtwara wakati ule haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ukitaka kujenga mtambo mkubwa pale na kupeleka umeme Dar es Salaam, unahitaji njia ya msongo mkubwa ya zaidi ya kilomita 500, yenye upotevu wake njiani, na bado viwanda vya Dar es Salaam vinavyohitaji moto wa tanuru vitabaki bila gesi. Nchi nayo ilikuwa imetoka kwenye mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2011, mabwawa yamekauka na mitambo ya dharura inachoma mafuta ya bei mbaya. Haraka ilikuwa na sababu.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo hailisemi. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba kina uwezo wa futi milioni 210 kwa siku, cha Songo Songo milioni 140. Jumla ni 350, yaani hata viwanda vyote vikifanya kazi kwa ukomo wake, bomba halifiki nusu. Lilijengwa kwa gesi ya miaka ya mbele. Mwenye bomba lenye nafasi kubwa hivyo angeweza kusubiri miezi sita ya mazungumzo, na mradi usingepata hasara ya maana. Kwa maoni yetu, miezi hiyo sita ndiyo iliyogharimu damu.

Hata jibu bora kuliko yote ambalo serikali ilikuwa nalo lilichelewa kutolewa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara mwishoni mwa Januari 2013, baada ya Masasi kuchomwa moto, akaeleza kwamba gesi itasafishwa huko huko Madimba na itakayokwenda Dar es Salaam ni iliyokwisha kusafishwa. Kiufundi hilo halikuwa hisani. Gesi ikitoka kisimani huja na maji na vimiminika vizito. Ukiisukuma hivyo hivyo kwenye bomba refu lenye mgandamizo mkubwa, maji yakikutana na ubaridi hushikana na gesi na kuwa donge kama barafu linaloziba bomba, na yakikutana na kabonidayoksaidi hula chuma. Lazima isafishwe karibu na kisima. Kiwanda cha Madimba kingekuwepo Mtwara hata kama hakuna aliyeandamana. Kama kingetajwa kabla ya jiwe la msingi, kingesikika kama mpango. Kilipotajwa baada ya moto, kilisikika kama pipi ya kumnyamazishia mtoto. Isitoshe, kiwanda cha namna hiyo huajiri mamia wakati wa ujenzi na makumi tu kinapoanza kazi. Ahadi ya ajira inayosemwa bila kutenganisha vipindi hivyo viwili huzaa uadui mwaka wa tatu.

Karatasi zilizotangulia na zilizochelewa

Mkopo kutoka Benki ya Exim ya China ulikuwa umeshapatikana na mkandarasi wa Kichina yuko kazini, Rais Jakaya Kikwete alipoweka jiwe la msingi Kinyerezi, Dar es Salaam, Novemba 2012. Maandamano ya kwanza, yaliyokuwa ya amani, yalifanyika Mtwara tarehe 27 Desemba 2012, yaani wiki chache tu baadaye. Sera ya Gesi Asilia ilipitishwa Oktoba 2013, miezi mitano baada ya ghasia za Mei. Sheria ya Petroli, Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na ile ya uwazi kwenye tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) zote zilipita Bunge la Dodoma Julai 2015, kwa hati ya dharura, huku baadhi ya wabunge wa upinzani wakiwa wametolewa nje. Miezi mitatu baadaye bomba likafunguliwa.

Kwa hiyo mtu wa Mtwara aliyeuliza mwaka 2012 “sisi tutapata nini, kwa sheria gani?” alikuwa anauliza swali ambalo halikuwa na jibu la maandishi mahali popote. Mkuu wa mkoa hakuwa nalo. Mbunge hakuwa nalo. Waziri alijibu kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote, jambo ambalo ni kweli kikatiba na halikuwa limeulizwa.

Swali lenyewe halikutoka hewani. Kusini walijengewa reli ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kisha ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. (Sisi wa Dodoma tunaujua mradi huo kwa upande wetu: ulianzia Kongwa mwaka 1947.) Zikaja kaya zilizoishi mpakani wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Likaja daraja la Mkapa mto Rufiji mwaka 2003, baada ya vizazi vya kusubiri kivuko. Na Aprili 2013, mwezi mmoja tu kabla ya hotuba, Liwale ilikuwa imewaka kwa sababu ya malipo ya korosho. Afisa yeyote aliyekuwa akisoma taarifa za mikoa miwili ile, Mtwara na Lindi, angejua kwamba neno “subirini” lilikuwa limekwisha nguvu.

Fedha zinazobaki

Hapa ndipo mjadala ulipaswa kuanzia, na ndipo ulipokosa tarakimu kabisa.

Mrabaha wa gesi, ambao sheria ya 2015 iliuweka asilimia 12.5 kwa nchi kavu na maji ya karibu na 7.5 kwa bahari kuu, huenda serikali kuu. Halmashauri ilichokuwa nacho kisheria ni ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mauzo kwa kiwango cha wakati ule. Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue Mnazi Bay ikizalisha futi milioni 80 kwa siku na gesi ikiuzwa takribani dola 3 kwa kipimo cha joto cha mmbtu, ambacho ni kama futi 1,000. Mauzo ya siku ni dola 240,000, ya mwaka ni kama dola milioni 87.6. Asilimia 0.3 yake ni dola 262,800. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 1,270,000 mkoani Mtwara. Ukigawa, kila mmoja anapata senti 20 za dola kwa mwaka, na kwa kweli hata hizo hazigawiwi mkoani. Zinaingia kwenye halmashauri inayohusika na kuchanganyika na mapato mengine.

Tarakimu hii ingeumiza kuisema hadharani mwaka 2012, lakini ingehamisha mjadala kutoka “gesi haitoki” kwenda “asilimia hii ipandishwe, na iandikwe wapi itumike”. Dai la pili linajadilika. La kwanza mtu hulikubali au hulikataa, basi.

Faida iliyokuja kuonekana zaidi Mtwara haikutoka kwenye ushuru. Ilitoka kwa mtumiaji mkubwa wa gesi kuwepo mahali hapo: kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilichozinduliwa mwaka ule ule wa bomba na baadaye kuunganishwa na gesi. Kinyume chake, mwaka 2017 mji wa Mtwara uliingia kwenye mgawo mbaya wa umeme huku gesi ipo, kwa sababu baadhi ya zile injini ziliharibika. Gesi isiyo na mashine nzima haimulikii mtu.

Bahari haina hati

Upande wa fidia, sheria za Tanzania zimejengwa juu ya ardhi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mwenye eneo alipwe thamani ya ardhi na maendelezo yake, kisha posho. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara riba ya amana ya miezi 12; mali ya shilingi 6,000,000 kwa riba ya asilimia 7 inaleta 420,000. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi mara 36. Pango la 30,000 linaleta 1,080,000. Usafiri ni gharama ya tani 12 kwa kilomita 20. Hasara ya faida ni faida halisi ya mwezi mara 36. Eneo tupu halipati posho za makazi, usafiri wala hasara ya faida. Minazi na mikorosho huhesabiwa kwa mche na umri.

Sasa mchukue mvuvi wa Msimbati. Visima vya Mnazi Bay viko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo mvuvi huyu tayari anabanwa na hifadhi. Ikija meli ya utafiti wa mitetemo, inayopima miamba ya chini kwa mawimbi ya sauti, huvuta nyaya za kilomita 6 hadi 8 nyuma yake kwa mwendo wa noti 4 au 5 (kama kilomita 7 hadi 9 kwa saa), na haiwezi kukata kona ghafla. Jarife au madema yaliyo kwenye njia yake yanakwenda. Ukija mtambo wa kuchimba, sheria ya kimataifa inaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuuzunguka. Mduara huo ni chini ya kilomita moja ya mraba, si mkubwa, ila ukiangukia kwenye mwamba wenye samaki ni mkubwa mno kwa mwenye ngalawa.

Mvuvi huyu hana hati ya bahari. Mthamini akija na fomu zake, hana pa kumwandika. Kipengele cha hasara ya faida kingemfaa: akipata halisi 200,000 kwa mwezi, mara 36 ni 7,200,000. Lakini kipengele hicho kinahusu biashara iliyo juu ya ardhi inayochukuliwa, na hutaka mahesabu yaliyokaguliwa pale inapobidi. Dai lake hufa kabla ya kufika wilayani. Wanaofanikiwa kupata chochote kwa nyavu zilizokatwa ni wenye namba ya usajili ya chombo, leseni ya mwaka husika, kumbukumbu za mialo zilizoandikwa na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), picha ya nyavu kabla na baada, na taarifa iliyotolewa siku hiyo hiyo kwa afisa uvuvi. Ikikosekana moja, kampuni huuliza nyavu hizo zilikuwa za nani. BMU ikiwa na daftari linalojazwa kila siku ina nguvu kuliko barua kumi za malalamiko, na daftari halihitaji kusubiri sheria mpya.

Tathmini ya mazingira nayo ina mwanya wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni zake zinataka wananchi washirikishwe, na muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili pia. Ripoti kamili huwa na mamia ya kurasa za Kiingereza. Kijijini hufika mtaalamu mshauri na karatasi ya mahudhurio. Watu husaini, mara nyingi kwa ajili ya posho, na sahihi zile zile hubandikwa mwishoni mwa ripoti kama kiambatisho cha ushirikishwaji. Msomaji wa ofisi za Mtumba, mji wa serikali Dodoma, hawezi kujua kama mwenye sahihi alikubali, alipinga, au alikuja kunywa soda.

Kutoka pwani hadi Wembere

Kanda ya Kati haina bahari, ila kisa hiki kimeshabisha hodi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, kati yake 1,147 ziko Tanzania, na linapita Singida, Manyara na Dodoma, ikiwemo Kondoa na Chemba. Huko uthamini wa kaya moja moja ulifanyika kwa umakini kuliko Mtwara. Kilichokwama ni muda. Uthamini ulifanyika 2018 na 2019, malipo yakaanza 2021. Katikati yake ilikuwepo tarehe ya ukomo, ambayo baada yake mtu hatakiwi kuongeza jengo wala mazao ya kudumu. Kwa mkulima wa alizeti au mtama, anayevuna ndani ya miezi minne, katazo hilo lingeweza kuwa jepesi, lakini kijiji kisipoelezwa vizuri watu huacha hata ya msimu wakihofia kupoteza haki. Kwa mwenye nyumba inayovuja, kusubiri miaka miwili bila kubadilisha bati ni jambo jingine. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uthamini uhai wa miaka miwili. Ukipita, lazima urudiwe. Wanakijiji wachache sana huambiwa hivyo.

Na sasa kuna Eyasi Wembere, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linatafuta mafuta kwenye bonde linalogusa Singida, Tabora, Simiyu, Shinyanga na Arusha. Data za mitetemo zimeshachukuliwa kwenye mistari ya zaidi ya kilomita 900. Hatua inayofuata kwa kawaida ni kisima kirefu cha utafiti. Kazi ya mitetemo huacha mikuza membamba iliyofyekwa; kisima kirefu hutaka eneo la kuweka mtambo, barabara ya malori mazito, maji mengi ya kuchanganyia tope la kuchimbia, na shimo la kuhifadhia tope hilo likishatumika. Kwenye nyika ya Iramba na Igunga, ambako ng'ombe na binadamu hugombea bwawa moja kiangazi, maji hayo ndiyo swali la kwanza: yatatoka chanzo gani, lita ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na nani atayapima.

Halmashauri za vijiji kwenye njia hiyo zina nafasi ambayo Mtwara haikuwa nayo, kwa sababu mafuta bado hayajapatikana na hakuna mkopo uliofungwa. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuandika kwenye muhtasari wake, sasa hivi, kwamba hautapokea mgeni wa mradi bila ramani ya vipimo, tarehe ya ukomo iliyoandikwa pamoja na tarehe ya mwisho ya malipo, na hesabu ya ushuru kwa mifano mitatu: kisima kikiwa kikavu, kikiwa na mafuta kidogo, kikiwa na mengi. Mfano wa kisima kikavu usiachwe, kwa kuwa visima vingi vya utafiti duniani hutoka vikavu, na kijiji kilichoahidiwa utajiri huona kimeibiwa hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuiba.

Karatasi ya mahudhurio nayo iandikwe juu ya kila ukurasa: “Sahihi hizi ni za kuhudhuria tu, si za kukubali.” Uamuzi upigiwe kura siku nyingine, baada ya wiki mbili au zaidi, na muhtasari wake ugongwe muhuri wa kijiji kwa nakala tatu: moja ibaki kijijini, moja iende wilayani, na ya tatu ipelekwe kwa mkono Dodoma, wizarani, dhidi ya sahihi ya mapokezi.